Yogati inafura, unga umekataliwa, sosi inarusha kifuniko: majibu ya maswali yenu

Habari zenu wasomaji. Mwezi uliopita niliomba wale wote mnatengeneza chakula cha kuuza, awe ni wa lita kumi ama wa tani moja, mniandikie vile vitu vinawasumbua, na barua zimekuja kwa wingi kutoka Lanet mpaka Busia, zingine zimeandikwa usiku wa manane na mtu hana usingizi. Nimechagua tano. Zingine nitajibu mwezi ujao kwa sababu kuna mambo ya samaki na nyama yanataka nafasi yake.

Kabla sijaanza niseme kitu nakutana nacho kila nikitembelea hizi biashara. Watu si wachafu. Wanadeki mara tatu kwa siku, aproni nyeupe pe, lakini ukiuliza maziwa yalifika digrii ngapi jana, ama mahindi yaliingia stoo na unyevu gani, kimya. Tunaangalia lakini hatupimi, na hivi vijidudu vinavyotuharibia kazi havionekani kwa macho, wala sumu ya kuvu haina harufu.

SWALI: Mwalimu hujambo. Mimi natengeneza yogati huku Lanet, kama lita 60 kwa siku, nauzia shule mbili na maduka ya mtaa. Lebo yangu inasema wiki mbili lakini siku ya sita ama ya saba vikombe vinaanza kufura, ile foili ya juu inapanda kama andazi, ukifungua inanuka kama busaa, ile pombe ya nafaka. Na maziwa nachemsha vizuri kabisa mpaka yanafura kwa sufuria. Juzi shule moja imenirudishia kreti nzima na nikaambiwa watoto wawili waliumwa tumbo. Sijalala tangu hiyo siku. Shida ni maziwa ama ni mimi? – Mama Yogati, Lanet, Nakuru

JIBU: Pole sana mama, na asante kwa kuandika bila kuficha, kwa sababu wengi kreti ikirudi wanabadilisha tu mtaa wa kuuzia. Kabla ya kitu kingine chochote, batchi hiyo na zote zilizofuata toa sokoni leo, pigia shule zote mbili simu, na wazazi wa hao watoto waambiwe wawapeleke hospitali kama bado wanaumwa. Alafu vikombe vitatu ambavyo havijafunguliwa viweke kwa frij, si kwa friza, uvipeleke vipimwe, afisa wa afya ya umma wa kaunti atakuonyesha maabara. Najua kumpigia mwenyewe inatisha lakini ni afadhali akuone wewe ndiye umeenda kwake.

Sasa tuje kwa hiyo gesi. Kikombe kufura pamoja na harufu ya busaa, mara nyingi hiyo ni hamira, si ile ya pakiti ya dukani, ile ya porini inayokaa kwa hewa, kwa sukari, kwa matunda, kwa kila kona yenye utamu. Na hamira haistahimili moto, inakufa mapema sana kabla hata maziwa hayajachemka, kwa hivyo kama kweli unachemsha basi kitu kinaingia baada ya moto. Yogati ni chachu na bakteria wengi hawapendi uchachu, lakini hamira na ukungu hazijali, zinakula sukari yako pole pole zikitoa gesi hata ndani ya frij, na hiyo ndio siku ya sita yako. Kuumwa tumbo kwa kawaida si kazi ya hamira, lakini mlango hamira imepitia hata bakteria wa choo wanaweza kupitia huo huo, ndio maana nimeanza na maabara.

Wacha nikuambie kitu nilichoona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita kiwanda kidogo nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa na shida kama yako kabisa, tukabadilisha mtu wa kutuletea maziwa, tukabadilisha kalcha, wale bakteria wa kugandisha yogati, tukabadilisha hata kijana wa kupakia, vikombe bado vinafura tu. Jioni moja nikachukua spana nikafungua koki ya tangi la kujazia, ile tulikuwa tunaosha kwa kupitisha maji moto tu bila kuifungua. Ndani, nyuma ya ule mpira mweusi wa kuziba, kulikuwa na tabaka la kitu cheupe kinachoelekea rangi ya waridi, laini, kinateleza, unene wa ukucha wa kidole gumba, na harufu ilikuwa ile ile ya vikombe. Kila lita tuliyochemsha kwa uangalifu ilikuwa inapita hapo ikienda kwa kikombe. Mpira mpya haukufika hata bei ya chakula cha mchana, na kuanzia wiki hiyo koki ikawa inafunguliwa vipande vipande kila jioni, shida ikaisha.

Kwa hivyo usikisie, tafuta mlango. Chukua vichupa vitatu vya glasi vyenye vifuniko, uvichemshe. Cha kwanza ujaze yogati moja kwa moja kutoka sufuria kabla hujaongeza sukari na ladha, cha pili ujaze baada ya kuongeza, cha tatu ujaze kutoka koki ama kile kikombe unachotekea. Andika alama, uviache mahali pa joto la kawaida siku mbili tatu, uangalie ni gani kinatoa mapovu kwanza. Kama cha kwanza kimetulia na cha pili kinachemka, ni sukari, rangi ama tunda lako, na dawa yake ni kuweka sukari kwa maziwa kabla ya moto na tunda kulipika kivyake. Kama viwili vya kwanza vimetulia na cha tatu kinachemka, ni koki ama vyombo. Vyote vikichemka, angalia kalcha. Na hapo nakuuliza, kalcha unanunua ama unachukua yogati ya jana unaanzishia ya leo? Hiyo ya jana inabeba kila kitu kilichoingia jana, na kesho itabeba zaidi.

Kuosha pia kuna mpangilio wake na wengi tunaanza vibaya. Maji ya moto sana yakigusa chombo chenye maziwa, maziwa yanaiva na kushika kama gundi, kwa hivyo anza na maji baridi ama vuguvugu, alafu maji moto na sabuni na brashi, suuza, ndio mwisho uweke dawa ya klorini. Klorini ukiiweka juu ya uchafu inaisha nguvu hapo hapo. Kama chupa ya dawa imeandikwa asilimia 3.5, mililita 6 kwa lita 1 ya maji zinatosha kwa vyombo vilivyo safi tayari, pima kwa sirinji, usimwage kwa kifuniko. Na mtungi wa plastiki wa mdomo mwembamba ambao mkono wako hauingii, huo huwezi kuosha, hata ukitikisa na mchanga unaukwaruza tu na kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria. Nunua kopo la alumini ama stainless lenye mdomo mpana.

Alafu hii ya "nachemsha mpaka yanafura", mama, hiyo si namba. Povu linaweza kupanda na chini bado joto halijafika. Kwa yogati tunataka maziwa yakae digrii 85 kwa dakika 30, alafu yapoe mpaka 43 hivi ndio uweke kalcha, yakae hapo kwa muda wa saa nne mpaka sita yashike, alafu yaende baridi chini ya digrii 5 haraka. Nunua themomita ya chakula. Kuijua kama inasema ukweli, ponda barafu ujaze glasi, ongeza maji kidogo, ngoja dakika chache, inafaa isome 0. Ukiijaribu na maji yanayochemka usishtuke, hapa Nakuru tuko juu kama mita 1,850 kutoka baharini na maji yanachemka kwa digrii 94 hivi, si 100, na Kisumu ni kama 96. Kuna dada wa Njoro alitupa themomita mbili nzuri akidhani zimeharibika kwa sababu zilikataa kufika 100.

La mwisho kwako: hiyo wiki mbili ya lebo ulitoa wapi? Kama uliona kwa kikombe cha kampuni kubwa ukanakili, wao wana vyumba vya baridi na magari ya baridi, wewe una frij moja na stima inapotea. Weka vikombe sita vya kila batchi, fungua kimoja kila siku mbili, onja, nusa, andika. Ikiharibika siku ya kumi, lebo isome siku saba. Hutapoteza wateja, utapunguza kreti za kurudi.

SWALI: Habari mwalimu. Sisi ni chama cha akina mama kumi na wawili hapa Nyalenda Kisumu, tunasaga unga wa uji wa wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu na omena. Watu wanaupenda sana hasa wenye watoto wadogo. Tulienda supamaketi moja wakasema bila alama ya KEBS, shirika la serikali la viwango, hawawezi kuweka kwa rafu. Kuna mtu amejitolea kutusaidia kuipata haraka lakini anataka pesa mkononi kwanza. Tumpe ama tuanzie wapi? – Mwekahazina wa chama, Kisumu

JIBU: Dada mwekahazina, pesa ya chama irudishe kwa sanduku. Huyo mtu msimpe hata shilingi. Alama ya KEBS hainunuliwi barabarani, na ile ya kubandikwa bila kibali inajulikana mara moja kwa sababu mnunuzi yeyote anaweza kutuma SM# pamoja na namba ya kibali kwa 20023 na aone kama ni ya kweli. Ofisi ya KEBS iko hapo hapo Kisumu kwenu, na nyingine Nakuru na Eldoret, ingieni wenyewe mkiwa wawili watatu mseme ni biashara ndogo, kuna utaratibu wa watu wa kiwango chenu. Kabla ya hapo chama kiwe kimesajiliwa, muwe na kibali cha biashara cha kaunti, afisa wa afya ya umma awe amekagua chumba, na kila anayeshika unga awe na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Mkifika KEBS nunueni kitabu cha viwango vya bidhaa yenu, kisomeni mkiwa pamoja, kwa sababu humo ndio kumeandikwa kile watapima. Watakuja kukagua, watachukua sampuli, maabara itapima. Watu wengi wanaanguka hapo kwa sampuli, na wanaanguka kwa kitu kimoja.

Kitu hicho ni aflatoksini, sumu ya kuvu. Nataka mnisikilize hapa kwa sababu nyinyi mnalisha watoto. Hii sumu inatengenezwa na kuvu inayoota kwa mahindi na njugu zikiwa na unyevu, inaharibu ini, ukila kidogo kidogo kwa miaka inaleta kansa ya ini, na ukila nyingi kwa mara moja inaua. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi ya nyumbani kwao. Na Novemba 2019 KEBS ilisimamisha unga wa mahindi wa chapa tano zilizokuwa madukani, hao ni watu wenye mashine, wenye maabara. Kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla na 5 kwa ile aina kali zaidi ya B1. Hicho ni kidogo kiasi kwamba gunia linaweza kuonekana zuri kabisa na bado limezidi hicho kiwango.

Kwa hivyo kazi yenu kubwa iko siku ya kununua, si siku ya kusaga. Mahindi yakauke mpaka unyevu wa asilimia 13.5. Kipima unyevu ni pesa lakini nyinyi ni kumi na wawili, changeni. Kwa sasa kuna ile ya chumvi: chukua chupa ya glasi kavu, weka mahindi mpaka kama robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwa ukuta wa chupa, hayo mahindi yamepita asilimia 15, yarudishe. Lakini elewa vizuri, isiposhika haimaanishi yamefika 13.5, inamaanisha tu hayajapita 15, kwa hivyo hiyo chupa inaweza kukuambia hapana lakini haiwezi kukuambia ndio. Gunia likiingia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, sakafu ya simiti inatoa unyevu hasa hapo karibu na ziwa.

Omena nayo. Nunueni iliyokaushwa juu ya vichanja vya wavu, si ile ya kuanikwa mchangani ambapo kuku na marabou wanapita juu yake, kwa sababu humo mnaweza kubeba salmonela mpaka kwa unga. Hata iwe nzuri aje, iosheni, ikausheni tena na muikaange kwa moto mpaka iwe inavunjika ikilia, kabla haijaenda kwa mashine. Soya pia isiingie mbichi, ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini na moto ndio unaviondoa.

Na mashine mnasagia wapi? Kama ni poshomili ya mtaa, hapo mbele yenu mtu amesaga mahindi yaliyooza ya ng'ombe wake. Ombeni muwe wa kwanza asubuhi, ifagiliwe kwanza, msage kilo chache zenu za mwanzo muziweke kando zisiingie kwa pakiti, na mpitishe unga kwa chujio na sumaku, mtashangaa vyuma vidogo vidogo vinavyotoka.

Lebo iseme wazi kuna njugu, soya na samaki ndani, kuna watoto wanafura uso kwa njugu peke yake. Na tafadhali msiandike "kwa watoto kuanzia miezi 6" mpaka mpimwe kwa viwango vya chakula cha watoto wachanga, ambavyo ni vikali zaidi na ni vya haki kuwa vikali. Taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ina kituo hapo Kisumu, nendeni muulize kuhusu mafunzo na mashine, ndio kazi yao.

SWALI: Mwalimu niaje. Niko Busia natengeneza siagi ya njugu na beste yangu. Mtu wa duka ametuuliza aflatoksini, sisi tukasema tunakaanga njugu mpaka zinakuwa hudhurungi kabisa, sasa sumu itatoka wapi? Si moto unaua kila kitu? – Vijana wawili, Busia

JIBU: Vijana wangu, moto unaua kuvu. Sumu ambayo kuvu iliacha haimalizwi na kikaangio, inapungua tu, na kabla ya kufika joto la kuimaliza njugu zitakuwa makaa. Kwa hivyo mkikaanga njugu mbaya mnapata njugu mbaya zenye harufu nzuri, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu sasa hakuna mtu atazishuku.

Habari njema ni kwamba sumu haikai kwa njugu zote sawasawa. Sehemu kubwa iko kwa njugu chache, zile zimekunjamana, zimepasuka, zimebadilika rangi, zina madoa ama unga wa kijani. Ukizitoa umetoa sehemu kubwa ya shida. Chagueni mara mbili: mara ya kwanza zikiwa mbichi, mara ya pili mkishakaanga na kutoa maganda, kwa sababu ganda jekundu linaficha na likitoka ile ya ndani iliyo nyeusi inaonekana. Fanyeni hivyo juu ya meza nyeupe, mchana, dirishani, si jioni na tochi ya simu. Zile mbaya zichomwe. Msiuzie mtu wa kuku na msimpe ng'ombe, maana ng'ombe akila, sehemu ya hiyo sumu inatoka kwa maziwa.

Muulizeni anayewauzia kama alinyunyiza maji wakati wa kubambua. Wengi wanafanya hivyo maganda yawe laini, na hapo ndio kuvu inapata karamu. Kama hajui kujibu, tafuteni mwingine, ama nunueni na maganda yake mbambue wenyewe. Na mkipeleka sampuli kupimwa msichote juu ya gunia tu, chota sehemu kumi tofauti, juu, katikati, chini, changanya ndio upeleke, kwa sababu kiganja kimoja kinaweza kuwa safi na cha pili yake kimejaa.

SWALI: Kaka, nina bekari ndogo Kakamega, wafanyakazi sita. Nimeshauriwa niajiri mtaalamu wa chakula lakini mshahara wanaotaka ni zaidi ya faida yangu. Tena nimepewa fomu za kujaza za kile wanaita HACCP, kurasa arobaini, wafanyakazi wangu wanajaza lakini sioni inasaidia nini. – Mwenye bekari, Kakamega

JIBU: Ndugu yangu, hizo kurasa arobaini ziweke kando kwanza. HACCP, mpango wa kulinda usalama wa chakula, ilianza miaka ya 1960 Marekani, ilitengenezwa kwa chakula cha wanaanga wa NASA, kwa sababu mtu akiharisha kule juu hakuna pa kumpeleka. Wazo lake ni rahisi: usingoje kupima mkate ukishatoka, tafuta zile hatua mbili tatu ambazo zikikosewa mtu anaumia, hizo ndio uzilinde kila siku. Kwa bekari yako hizo hatua haziwezi kujaza kurasa arobaini. Ni unga unaoingia, ni joto la ndani ya mkate ukitoka kwa oveni, ni kupoa kabla ya kufunga kwa plastiki maana ukifunga moto unatengeneza jasho na ukungu, na kama unajaza krimu ama nyama basi hiyo ni hatua ya kuangalia kuliko zote.

Najua vile fomu zinajazwa. Nimeshika faili moja yenye mwezi mzima, kila siku saa nne kamili, kila siku namba ile ile, kalamu ile ile, hata mkunjo wa sahihi haukubadilika. Mtu alikaa Ijumaa jioni akajaza siku thelathini. Usimgombeze, muulize kama anajua hiyo namba ni ya nini. Mimi ningeweka daftari moja la mistari, lifungwe na kamba kwa oveni, safu tano tu: tarehe, namba ya batchi, joto, saa, jina. Na wewe mwenye bekari ulipitie kila jioni, upige tiki na kalamu nyekundu, ukiona namba ya ajabu uulize pale pale. Wakishajua unasoma wataandika ukweli. Na namba ya batchi iandikwe pia kwa pakiti, ndio siku moja mkate ukileta shida urudishe pakiti mia mbili na si kazi ya wiki nzima.

Kuhusu mtaalamu, kuna njia. Wanafunzi wa teknolojia ya chakula wanatafuta mahali pa atachimenti, yaani mafunzo kazini, kila mwaka, Egerton kule Njoro wana idara nzima ya maziwa na sayansi ya chakula, andika barua uombe mmoja, umpe kazi ya maana, si kubeba mifuko ya unga. Watu wa maziwa wana chuo cha serikali cha Naivasha. Ama ongea na wenzako watatu hapo Kakamega, mwenye maji ya chupa, mwenye asali, mwenye mandazi ya pakiti, muajiri mtaalamu mmoja pamoja, awe kwa kila mmoja siku moja kwa wiki. Lakini sitakudanganya, mtaalamu wa siku moja hawezi kujua oveni yako kuliko wewe. Chagua mfanyakazi mmoja anayependa kuuliza maswali, umlipie kozi fupi, umuongezee mshahara kidogo ili asiibwe na bekari ya jirani.

SWALI: Natengeneza sosi ya pilipili na kitunguu saumu Mbale Vihiga, naweka kwa chupa za maji zilizotumika baada ya kuosha na maji moto. Chupa zingine kifuniko kinaruka chenyewe zikiwa kwa rafu. Niongeze dawa ya kuhifadhi? Saa hii naweka kijiko kimoja. – Pilipili, Vihiga

JIBU: Usiongeze. Kwanza achana na chupa zilizotumika, plastiki hiyo haivumilii maji ya moto wa kuua vijidudu, na hujui aliyeitumia kabla yako aliweka nini ndani, nimeona zenye mafuta ya taa.

Cha maana kwa sosi ni uchachu. Nunua kipima pH kidogo cha kidijitali pamoja na maji yake ya kukirekebishia, na kila batchi iliyopoa upime. Hiyo namba ikishuka, uchachu umepanda. Inatakiwa iwe chini ya 4.6 bila mjadala, na mimi ningekuambia ulenge 4.0 ama chini, kwa kuongeza siki. Juu ya 4.6 kwa chupa iliyofungwa kuna bakteria wa botulizimu anayependa mahali hapana hewa, sumu yake inapoozesha mwili mpaka pumzi, na kitunguu saumu kinatoka mchangani anakoishi. Ndio maana saumu ndani ya mafuta ikikaa kwa rafu bila siki mimi siigusi.

Jaza sosi ikiwa moto, digrii 85 na zaidi, kwa chupa mpya za glasi zilizochemshwa, funga mara moja, geuza chupa kichwa chini dakika tano ili kifuniko nacho kipate moto. Kijiko si kipimo. Kama hiyo dawa yako ya kuhifadhi ni benzoeti, kiwango cha kimataifa cha Codex kwa sosi kisizidi gramu 1 kwa kilo, na haifanyi kazi vizuri bila uchachu, kwa hivyo mizani ndogo ya gramu ni lazima.

Chupa ulizobaki nazo usiuze na usionje hata kwa ncha ya ulimi. Weka glavu, zichemshe nusu saa zikiwa hazijakazwa vifuniko, alafu chimba shimo mbali na kisima umwage. Ukishapata kipima pH niandikie namba ya batchi ya kwanza, nitakuambia siki kiasi gani.